NAZI ZISIZOLIKA: MABAKI YA MIONZI KATIKA VISIWA VYA MARSHALL

Mtu akifika leo katika kisiwa cha Bikini ataona minazi iliyostawi, mchanga mweupe na maji yenye samaki wengi. Hataona moshi wala ardhi iliyoungua. Hata hivyo, jumuiya ya wenyeji wa kisiwa hicho iliondolewa mwaka 1946 na hadi sasa haijarudi kuishi kwao, isipokuwa familia chache zilizorudi katika miaka ya 1970 na kuondolewa tena mwaka 1978.

Makala hii inaeleza kwa nini nchi inayoonekana nzima bado haikaliki. Jibu kwa ufupi ni kwamba sehemu kubwa ya hatari iliyobaki imo ndani ya chakula, na hasa katika nazi. Kulielewa jambo hili ni muhimu kwa kila anayeshughulika na maendeleo ya watu na ardhi yao.

Visiwa vyenyewe

Visiwa vya Marshall ni nchi ndogo katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Australia. Ina visiwa 5 vinavyosimama peke yake na atoli 29. Atoli ni duara la visiwa vyembamba vya matumbawe, na katikati yake kuna maji ya bahari yaliyotulia yanayoitwa lagoni. Ardhi yake iko chini sana, karibu usawa wa bahari. Haina milima, haina mito, na udongo wake ni mchanga wa matumbawe uliochanganyika na mboji kidogo.

Wakazi wake kwa asili waliishi kwa nazi, mashelisheli, matunda ya mkadi, uwanga, samaki, na kaa wakubwa wanaokula nazi. Kaa wa aina hiyo hiyo wanapatikana pia kwetu, katika kisiwa cha Chumbe huko Zanzibar. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya mnazi kwa watu wa namna hii. Ni chakula, kinywaji, kuni, makuti, kamba, na mbata ya kuuza.

Kuondolewa "kwa muda"

Baada ya vita vya pili vya dunia, Marekani iliamua kujaribu silaha zake za nyuklia katika atoli ya Bikini. Mwezi Februari 1946, siku ya Jumapili baada ya ibada, gavana wa kijeshi wa visiwa hivyo, Ben Wyatt, alikutana na watu wa Bikini. Alijua kuwa walikuwa Wakristo wenye kuijua Biblia, akawafananisha na wana wa Israeli. Aliwaomba waondoke kwa muda ili majaribio hayo yawe kwa faida ya wanadamu wote na kukomesha vita duniani. Kiongozi wao, Juda, alijibu kuwa watakwenda wakiamini kwamba mambo yote yamo mikononi mwa Mungu. Maneno hayo yameandikwa katika bendera ya Bikini hadi leo.

Mwezi Machi 1946 watu 167 walipanda meli na kuhamia atoli ya Rongerik, ambayo haikuwa na wakazi. Chakula hakikutosha, na kufikia mwaka 1948 walikuwa wakikabiliwa na njaa kali. Walipelekwa Kwajalein kwa miezi michache, kisha Novemba 1948 wakahamishiwa Kili. Kili ni kisiwa kimoja kidogo kisicho na lagoni. Mawimbi huzuia mitumbwi kushuka majini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hivyo watu waliokuwa wavuvi hodari wakawa wategemezi wa chakula cha msaada.

Watu wa atoli ya Enewetak nao waliondolewa mwezi Desemba 1947 na kupelekwa Ujelang. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua silaha 67 za nyuklia katika eneo hilo. Kati ya hizo, 23 zililipuliwa Bikini na karibu zote zilizobaki Enewetak. Tarehe 1 Novemba 1952 kisiwa cha Elugelab katika atoli ya Enewetak kiliondolewa kabisa na mlipuko mmoja, pakabaki shimo la bahari.

Siku ya Bravo

Mlipuko mkubwa kuliko yote ya Marekani ulifanyika Bikini alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954. Bomu hilo lilipewa jina la Bravo. Nguvu yake ilikuwa sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT, yaani mara elfu moja hivi ya bomu lililopigwa Hiroshima. Wataalamu walikuwa wametarajia nguvu isiyofikia nusu ya hiyo. Lilichimba shimo lenye upana wa karibu kilomita 2 na kurusha angani matumbawe yaliyosagika kuwa unga wenye mionzi.

Saa chache baadaye unga huo ulianza kuanguka Rongelap, takriban kilomita 150 mashariki. Ulikuwa mweupe, na watoto waliuchezea. Uliingia katika maji ya kunywa na kutanda juu ya chakula. Kabla siku haijaisha watu walianza kutapika na kuwashwa ngozi, na baadaye nywele za wengi zilinyonyoka. Waliondolewa baada ya siku mbili hivi. Kundi jingine la wavuvi, Wajapani 23 waliokuwa katika meli iitwayo Daigo Fukuryu Maru, nao waliangukiwa na unga huo. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo.

Katika miaka iliyofuata, watoto wengi wa Rongelap waliokuwa chini ya miaka 10 siku ile walipata uvimbe katika tezi la shingoni. Lekoj Anjain, mtoto wa kiongozi wa Rongelap John Anjain, alikuwa na umri wa mwaka mmoja siku ya Bravo. Alifariki mwaka 1972 kwa saratani ya damu akiwa na miaka 19. Lijon Eknilang, aliyekuwa mtoto siku hiyo, alisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1995 na kueleza kuwa mimba zake 7 zilikuwa zimeharibika.

Mionzi hukaa muda gani?

Mlipuko wa nyuklia huacha chembe za aina nyingi zinazotoa mionzi. Kila aina hupungua kwa kasi yake, na wataalamu huipima kwa muda ambao nusu ya chembe hizo huwa zimekwisha. Muda huo huitwa nusu-uhai.

Aidini-131, ambayo ndiyo hasa iliyodhuru matezi ya watoto, ina nusu-uhai wa siku 8. Hiyo ilikwisha zamani. Sesiamu-137 ina nusu-uhai wa miaka 30 hivi, na strontiamu-90 karibu miaka 29. Plutoniamu-239 ina nusu-uhai wa miaka 24,100.

Tuchukue mfano wa sesiamu iliyoanguka mwaka 1954. Kufikia mwaka 1984 ilibaki nusu. Mwaka 2014 ilibaki robo. Mwaka 2044 itabaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo inapungua, lakini mtu aliyezaliwa mwaka ule wa Bravo anazeeka kabla haijapungua vya kutosha.

Kwa nini mnazi hubeba sesiamu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Kila mmea huhitaji madini ya potasiamu, na mizizi yake huyatafuta udongoni. Sesiamu kwa tabia zake inafanana sana na potasiamu, kiasi kwamba mzizi hauwezi kuzitofautisha vizuri.

Katika udongo wa mfinyanzi, chembe za mfinyanzi huishika sesiamu kwa nguvu, na mmea hupata kidogo tu. Lakini udongo wa atoli hauna mfinyanzi. Isitoshe, potasiamu ndani yake ni haba mno. Mnazi wenye njaa ya potasiamu hufyonza sesiamu badala yake. Sesiamu hupanda mpaka kwenye majani, huingia katika maji ya dafu na katika nyama ya nazi. Makuti yanapoanguka na kuoza, sesiamu hurudi katika tabaka la juu la udongo, na mizizi huichukua tena. Mshelisheli na mkadi hufanya vivyo hivyo. Kaa naye anayekula nazi hizo hujaza sesiamu katika nyama yake.

Strontiamu inafanana na kalsiamu, hivyo mwilini hukaa katika mifupa, na kwa kaa hukaa katika gamba. Plutoniamu haipandi sana katika mimea. Hatari yake kubwa ni pale mtu anapovuta vumbi lake likaingia mapafuni.

Baharini hali ni tofauti. Maji ya chumvi yana potasiamu nyingi, kwa hiyo viumbe vyake havihangaiki kutafuta sesiamu. Tena maji ya lagoni hubadilishana na maji ya bahari kuu kila siku. Matokeo yake ni jambo la kushangaza: mtu wa Bikini anaweza kula samaki wa lagoni bila hofu kubwa, lakini hapaswi kuishi kwa madafu ya mnazi uliopo mbele ya nyumba yake.

Walirudi, wakaondoka tena

Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitangaza kuwa watu wa Bikini wanaweza kurudi. Takataka ziliondolewa, minazi mipya ikapandwa na nyumba zikajengwa. Familia kadhaa zilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ushauri wa wataalamu ulitegemea hesabu ya chakula ambacho mwananchi angekula, na katika hesabu hiyo kiasi cha nazi kiliwekwa kidogo mno kuliko ulaji halisi wa watu wa visiwani.

Minazi mipya ilipoanza kuzaa, kosa hilo lilijionyesha ndani ya miili ya watu. Vipimo vilionyesha sesiamu mwilini ikiongezeka mwaka hadi mwaka. Ikumbukwe kuwa mwili wa mwanadamu huitoa sesiamu wenyewe katika muda wa miezi kadhaa. Anayeacha kuila husafika, bali anayeila kila siku hujazwa upya kila siku. Mwezi Septemba 1978 watu wapatao 139 waliondolewa Bikini kwa mara ya pili.

Rongelap nako mambo yalikuwa hivyo. Wananchi walirudishwa mwaka 1957 wakiambiwa ni salama. Waliishi miaka 28 huku madaktari wakija kuwapima, na wengi wao wakaanza kuhisi kuwa wanachunguzwa zaidi kuliko wanavyotibiwa. Mwezi Mei 1985 waliamua wenyewe kuondoka. Serikali haikuwahamisha, hivyo waliomba msaada wa shirika la Greenpeace, na meli yake Rainbow Warrior ikawabeba watu zaidi ya 300 hadi Mejatto katika atoli ya Kwajalein.

Matumbawe na kaburi la Runit

Je, viumbe wengine wamepona? Kwa sehemu, ndiyo. Watafiti waliochunguza Bikini na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 walikuta aina 183 za matumbawe, na matumbawe mengine yalikuwa yameota hata ndani ya shimo la Bravo. Lakini aina 28 zilizokuwepo kabla ya majaribio hazikuonekana tena. Papa na samaki wengine ni wengi, kwa sababu kubwa kwamba hakuna wavuvi. Mwaka 2010 UNESCO iliiweka Bikini katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Enewetak ina tatizo la namna nyingine. Kati ya mwaka 1977 na 1980 maelfu ya askari wa Marekani walitumwa kusafisha atoli hiyo. Walikwangua udongo wenye plutoniamu na kuumwaga katika shimo la mlipuko wa mwaka 1958 kwenye kisiwa cha Runit. Juu yake wakafunika kwa kuba la zege lenye unene wa sentimita 45 hivi. Chini ya shimo hawakuweka zege, kwa hiyo maji ya bahari hupenya kutoka chini na kupanda na kushuka pamoja na bamvua. Ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2020 ilisema kuba haliko katika hatari ya kubomoka mara moja. Aidha, plutoniamu iliyoko katika matope ya lagoni ni nyingi kuliko iliyofungiwa humo. Kwa wananchi wanaoona bahari ikipanda mwaka hadi mwaka, maelezo hayo hayatoshi kuwaondolea wasiwasi. Wamerudi kuishi katika visiwa vya kusini mwa atoli tangu mwaka 1980, huku Runit ikibaki marufuku.

Je, ardhi inaweza kutengenezwa?

Wataalamu wamejaribu njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukwangua udongo wa juu. Njia hii huondoa sesiamu, lakini pia huondoa mboji yote, ambayo ilichukua mamia ya miaka kujengeka, na minazi yote hukatwa. Mkulima atabaki na chokaa tupu.

Ya pili ni kumwaga mbolea ya potasiamu. Mnazi ukishiba potasiamu huacha kufyonza sesiamu kwa pupa. Majaribio yaliyofanyika Bikini yalionyesha kuwa sesiamu katika nazi inaweza kushuka hadi kufikia sehemu moja ya kumi au chini ya hapo. Sesiamu inabaki udongoni, ila haipandi mtini. Ni mbolea ya kawaida inayojulikana na wakulima wengi.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilichapisha ripoti kuhusu Bikini mwaka 1998. Lilisema kuwa mtu atakayekula chakula cha kisiwani peke yake anaweza kupata takriban milisiverti 15 za mionzi kwa mwaka juu ya kile ambacho kila mtu hupata kwa asili, ambacho kwa wastani wa dunia ni milisiverti 2.4. Lilishauri watu wasirudi kuishi pale kabla ya hatua kuchukuliwa, na likapendekeza njia ya potasiamu pamoja na kuondoa udongo kuzunguka nyumba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mionzi itokayo ardhini tu. Ulikuta wastani wa milisiverti 1.84 kwa mwaka katika kisiwa cha Bikini, wakati kikomo kilichokubaliwa kati ya serikali za Marekani na Visiwa vya Marshall ni 1. Katika visiwa vilivyopimwa Rongelap na Enewetak kiwango kilikuwa chini ya kikomo hicho.

Kwa hiyo suluhisho la kitaalamu lipo kwa sehemu. Linalokosekana ni fedha za uhakika, na zaidi ya fedha, imani. Watu walioambiwa mara mbili kuwa ni salama na isiwe salama hawawezi kulaumiwa wakisita mara ya tatu.

Fidia iliyopunguka

Mwaka 1986 mkataba kati ya nchi hizo mbili ulianzisha mfuko wa dola milioni 150, na baadaye Baraza la Madai ya Nyuklia liliundwa kuamua fidia. Baraza hilo liliamua fidia ya jumla ya zaidi ya dola bilioni 2, ikiwemo zaidi ya dola milioni 563 kwa watu wa Bikini mwaka 2001. Mfuko haukuwa na fedha hizo, na walichopewa ni sehemu ndogo sana. Wananchi walikwenda mahakamani Marekani, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kusikiliza shauri lao.

Makanisa yalisikia habari hizi mapema. Mwaka 1983, katika Mkutano Mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni uliofanyika Vancouver, Darlene Keju-Johnson wa Visiwa vya Marshall aliwaeleza wajumbe kutoka duniani kote yaliyowapata watu wake. Na si wao peke yao. Ufaransa ilifanya majaribio 193 katika atoli za Moruroa na Fangataufa kati ya mwaka 1966 na 1996, baada ya kuanzia katika jangwa la Sahara hapa Afrika. Nchi za Afrika zimepiga marufuku silaha hizo katika bara letu kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009.

Mafunzo kwetu

Kwanza, usalama wa ardhi haupimwi kwa kifaa peke yake. Unapimwa pia kwa sahani na kikombe cha anayeishi juu yake. Wataalamu wa Bikini walikuwa na vifaa bora, lakini hawakuuliza vya kutosha ni madafu mangapi mtoto hunywa kwa siku. Mama yeyote wa kisiwani angewajibu.

Pili, neno "kwa muda" lisikubaliwe bila tarehe na bila maandishi. Watu 167 waliondoka kwa neno hilo. Wajukuu na vitukuu vyao wametawanyika Kili, Majuro na Marekani.

Tatu, matokeo ya vipimo ni mali ya wanaopimwa. Wapewe kwa lugha yao, mapema, na wawe na haki ya kumleta mpimaji mwingine wanayemwamini.

Kila mwaka tarehe 1 Machi ni sikukuu ya taifa ya kumbukumbu katika Visiwa vya Marshall. Tunawaomba wasomaji na vikundi vyetu waikumbuke siku hiyo katika maombi, na kuwasimulia vijana habari hizi, maana wengi wamelisikia jina la Bikini kama vazi la kuogelea tu. Vazi hilo lilipewa jina la kisiwa hicho mwezi Julai 1946, siku chache baada ya bomu la kwanza kulipuliwa pale.